Lawama Haitibu Mgongo Wazi

Mtoto anapozaliwa na kasoro katika nyumba zetu, mara nyingi hutafutwa kwanza mtu wa kulaumiwa, ndipo baadaye atafutwe daktari. Wako watakaosema kwamba mama alivunja mwiko. Wengine watadai kwamba ukoo wa mume una deni kwa wazee waliotangulia, na jirani naye atanong'ona kwamba upo mkono wa mtu. Maneno hayo yote niliyasikia katika juma moja, miaka tisa iliyopita, dada yangu alipojifungua binti mwenye uvimbe chini ya mgongo, mfano wa kifuko kilichojaa maji. Wauguzi walitueleza kwamba ni mgongo wazi.

Yafaa kwanza ugonjwa wenyewe ueleweke. Uti wa mgongo wa binadamu huanza kama utepe bapa, ambao hujikunja na kufungika hata ukawa mfano wa mrija. Kazi hiyo hukamilika siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Sehemu ya mrija huo isipofungika, mishipa ya fahamu huachwa bila kinga, na pingili za mifupa zilizopaswa kuifunika hazikutani. Msomaji na aizingatie hesabu hiyo ya siku. Akina mama wengi, inapofika siku ya 28, hawajajua bado kwamba ni wajawazito. Ni mwiko gani basi atakaoulizwa mtu ambaye hakujua kwamba amebeba mimba?

Sababu za kasoro hiyo ni nyingi na huchanganyika: urithi, kisukari cha mama, dawa fulani za kifafa, na upungufu wa asidi ya foliki, ambayo ni mojawapo ya vitamini B. Utafiti mkubwa uliotangazwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kwamba akina mama waliowahi kupata mtoto wa namna hii, walipoimeza vitamini hiyo kabla ya mimba iliyofuata na katika miezi yake ya mwanzo, walipunguza hatari ya kumpata mwingine kwa karibu robo tatu. Ndiyo maana wataalamu humshauri kila mwanamke anayetazamia kupata mimba ameze mikrogramu 400 kwa siku, akianza walau mwezi mmoja kabla. Aliyekwisha kumpata mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kiasi kikubwa zaidi, atakachopangiwa na daktari. Hapa Tanzania mpango wa kitaifa wa kutia virutubishi katika unga ulizinduliwa mwaka 2013, lakini sembe nyingi tunayosagisha kwenye mashine za mitaani haina nyongeza hiyo.

Hata hivyo, elimu hiyo isigeuzwe kuwa fimbo mpya ya kumchapia mama. Wapo waliomeza vidonge kwa wakati na bado wakampata mtoto mwenye mgongo wazi.

Mpwa wangu alipasuliwa na jeraha likazibwa. Baada ya majuma machache kichwa chake kilianza kukua upesi kwa sababu ya maji yaliyokusanyika ndani yake, jambo linalowapata wengi wa watoto hawa. Akawekewa mpira mwembamba chini ya ngozi, unaoyapeleka maji hayo tumboni. Tulifundishwa kwamba mpira huo ukiziba, mtoto hutapika, huumwa kichwa na kulala kupita kawaida, na hapo hapana kungoja asubuhi.

Lakini kazi kubwa ilikuwa ya kila siku. Mishipa inayoongoza kibofu haikufanya kazi, kwa hiyo mkojo ulibaki ndani, na mkojo unaobaki huleta vijidudu na mwishowe huua figo. Dawa yake ni kuingiza mpira mdogo wa kutolea mkojo kila baada ya muda wa saa nne, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Njia hiyo, iliyoenezwa na daktari Jack Lapides wa Marekani kuanzia mwaka 1972, imeokoa figo za watoto wengi.

Hapo ndipo nilipoona madhara ya lawama. Shemeji yangu aliyashika maneno ya kwao, na kazi yote akaachiwa mkosaji, yaani dada yangu. Biashara yake ya vitumbua ikafa. Usingizi ulipomshinda, zamu ikapita, na mtoto akalazwa mara tatu kwa homa ya mkojo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, na kwetu ilikuwa hivyo hasa.

Mambo yalibadilika pale muuguzi mmoja alipomwita baba na mama mkwe kliniki, akawahesabia zile siku 28, kisha akawafundisha wote wawili kutumia mpira. Shemeji hufanya kazi kiwandani zamu ya usiku, hivyo asubuhi ikawa yake. Bibi akachukua mchana. Tangu hapo mtoto hajalazwa tena kwa homa ile.

Shule nayo ilisita, kwa hofu ya harufu ya mkojo na ya vicheko vya watoto. Baadaye mwalimu mkuu alikubali kutoa ufunguo wa chumba kidogo, na bibi akawa anafika saa nne asubuhi. Alipotimiza miaka minane, mtoto alijifunza kujihudumia mwenyewe. Leo yumo darasa la tatu, anatembea kwa magongo na vyuma vya miguu. Nyayo zake hazina hisia. Aliwahi kuungua kwenye jiko la mkaa asijue, na kwa sababu hiyo kila jioni kaka yake humkagua miguu.

Nawaomba viongozi wa kazi wawape wazazi hawa ruhusa ya kwenda kliniki bila manung'uniko, na walimu watoe ufunguo kabla ya kuombwa mara ya pili. Ikiwa mtoto wa namna hii amezaliwa leo nyumbani kwako au kwa jirani, alazwe kifudifudi au ubavu, uvimbe ufunikwe kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi ya hospitali, usipakwe dawa yoyote ya kienyeji, naye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Baba afuatane nao, kwa maana mafunzo ya kumtunza yataanzia huko.