Mgema Akisifiwa

Msomaji mpenzi, je, umepata kusoma hadithi za upelelezi zinazofuatana, kitabu baada ya kitabu, mpelelezi akiwa ni yule yule? Kama umesoma, bila shaka waijua huzuni ninayotaka kuieleza.

Mimi ni karani wa parokia. Jioni, nikishafunga madaftari ya ubatizo na ndoa, hujipumzisha kwa hadithi za Sherlock Holmes, alizotunga Arthur Conan Doyle wa Uingereza. Ya kwanza ilitoka mwaka 1887. Zile za mwanzo ni tamu ajabu. Holmes hutazama matope ya kiatu au majivu ya tumbaku. Nawe umeyatazama yale yale, lakini yeye ameona, wewe hukuona. Mwisho wake huna la kulalamika.

Mwaka 1893 mtungaji, akiwa amekwisha kumchoka, alimwua katika maporomoko ya Reichenbach, Uswisi. Wasomaji wakapiga kelele. Basi mwaka 1903 Holmes akarudishwa hai, na hadithi zikaendelea mpaka 1927.

Hapo ndipo tembo lilipotiwa maji. Katika hadithi moja ya mwaka 1923, profesa mzee anajidunga dawa itokanayo na nyani, kisha anapanda kuta usiku kama nyani. Katika nyingine ya mwaka 1926, muuaji ni konyeza, yule mnyama wa baharini awashaye mwili, na Holmes anamtambua kwa kukumbuka kitabu alichosoma zamani. Sasa msomaji asiyekisoma kitabu hicho afanyeje?

Wazee husema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mgema huyu alitaka kushuka mnazini. Sisi wanywaji ndio tuliomzuia, tukidai kibuyu kingine. Naye alipokuwa na kisa chenyewe, aliweza bado. Hadithi ya mbwa wa Baskerville, iliyoanza kutolewa mwaka 1901, ni bora kupita nyingi, kwani alipata kisa kwanza, ndipo akamtia Holmes ndani yake. Kumbe kilichopungua si akili. Ni kule kutunga kwa sababu jina linauza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukimpenda mtungaji, mwache apumzike. Wala usikichukie kitabu cha kwanza kwa makosa ya cha mwisho. Kifungue tena, utamu wake ungalimo.