Babu, Ni Toleo Gani?

Mwalimu aliyezoea kusahihisha makosa ya wengine hupata taabu anapokutana na kosa asilolielewa. Taabu hiyo iliniandama wiki tatu mbele ya kompyuta yangu mwenyewe, nami nilikaribia kuamini kwamba akili imeanza kuniaga.

Ninayo picha ya mwaka 1978, tuliyopigwa wanachuo 42 mbele ya bwalo la chuo cha ualimu. Wengi wetu wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Nilitaka kuukata uso wa kila mmoja, niukuze, niwapelekee jamaa zake, maana wapo wajukuu wasiopata kumwona babu yao akiwa kijana.

Miaka ya nyuma niliandika programu ndogo ya kutafuta nyuso pichani. Niliiandika kwa Pascal, lugha aliyoitoa Niklaus Wirth mwaka 1970, ambayo vijana wa leo hawaishughulikii sana. Kazi ya kuona haikuwa yangu. Niliazima amri za OpenCV, maktaba ya programu iliyoanzishwa Intel mwaka 1999. Ndani yake mna njia waliyoieleza Paul Viola na Michael Jones mwaka 2001: kompyuta hulinganisha mistatili yenye mwanga na yenye kivuli, kwa kuwa eneo la macho huwa jeusi kuliko mashavu.

Kompyuta ya zamani ilipokufa nilinunua nyingine, nikaiwekea OpenCV mpya. Kwanza maktaba ilikataa kupakiwa, kwa sababu programu yangu ilikuwa ya biti 32 na maktaba ya biti 64. Nilipolirekebisha hilo likazuka jingine: amri iitwayo cvLoadImage haipatikani. Nikakagua tahajia herufi kwa herufi. Nikahamisha mafaili. Usiku nikawa naota jina hilo.

Mjukuu wangu alikuja likizo, akanitazama kitambo, kisha akauliza, "Babu, maelezo unayosoma ni ya toleo gani?"

Yalikuwa ya toleo la kwanza. Katika toleo la 4, lililotoka mwaka 2018, amri nyingi za mtindo wa C nilizozitegemea zilikwisha kuondolewa. Kazi ileile sasa hufanywa kwa C++, na kompaila ya C++ huyapachika majina ya amri alama za ziada, hata Pascal isiweze kuyaita kwa urahisi. Basi tukaandika daraja dogo la C++ lenye majina matatu yasiyopambwa: fungua, tafuta, funga. Pascal ikaliita daraja, nalo daraja likaiita maktaba.

Swali la mjukuu lilinichoma kwa sababu nyingine. Nikiwa mwalimu kijana nilimpa mwanafunzi mmoja sufuri, na maneno makali juu yake, kwa jibu lililotofautiana na kitabu changu. Baadaye nilikuja kuona kwamba lilikuwa sahihi katika toleo la zamani, ambalo ndilo pekee alilokuwa nalo kwao. Sikumwuliza alisoma kitabu gani. Nilimhukumu yeye kuwa mjinga, kama nilivyojihukumu mimi kuwa mzee, kumbe katika hali zote mbili kosa lilikuwa katika karatasi. Sikupata kumwomba radhi.

Programu ilipokubali, ilichora miraba 39 juu ya picha yetu. Mmoja ulizunguka tundu la ukutani. Nyuso zilizopatikana zilikuwa 38. Watatu walifichwa na kivuli cha mti. Wa nne ni rafiki yangu wa chumba kimoja, aliyegeuka kunicheka mpiga picha alipobonyeza; nayo programu hutafuta wanaotazama mbele.

Huyo nilimkata mwenyewe, kwa mkono. Picha yake ndiyo niliyoipeleka kwanza.