Mbingu na Kivuli Katika Picha Moja

Ndugu msomaji, kurasa hizi zimezoea visa vya mapenzi na vya vijana wanaokwenda mjini kutafuta maisha. Leo naomba univumilie. Nataka kueleza jinsi nilivyojifunza kupandanisha picha tatu za mahali pamoja hadi zikawa moja, na jinsi kazi hiyo ilivyoingia katika shauri la shamba la ukoo wetu ambalo mpaka sasa halijaisha.

Mimi ni mtu wa Mtama, mkoani Lindi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakanirudisha nyumbani, na tangu hapo naandika riwaya kwenye kauntabuku (sasa ni la tatu) huku nikipata hela ya sabuni katika duka la fotokopi na picha za pasipoti kando ya barabara iendayo Masasi. Dukani humo ndimo nilimokutana na tabaka. Mteja anapigwa picha mbele ya ukuta uliopauka, sisi tunamkata kwenye kompyuta na kumweka juu ya rangi ya bluu. Bluu iko chini, mtu yuko juu. Basi hizo ndizo tabaka, vijana wa studio wanaziita leya, na kila mpiga picha za vitambulisho anazitumia hata kama hajawahi kukaa akazifikiria.

Picha ya mandhari lakini ni kazi nyingine kabisa. Ukisimama shambani kwetu saa kumi na moja na nusu jioni ukielekea mwinuko wa Rondo, jua likiwa linateremka upande huo, jicho lako linaona mawingu yenye rangi na pia linaona mabibo yaliyoanguka chini ya mkorosho. Jicho halitulii, linafunguka likitazama kivulini, linajibana likitazama juani, na akili inaviunganisha vyote bila kukuuliza. Kamera haina akili hiyo. Unaipa kipimo kimoja cha mwanga kwa picha nzima. Ukiipimia mbingu, miti inakuwa makaa. Ukiipimia miti, mbingu inakuwa karatasi nyeupe.

Watu wameteseka na jambo hili tangu zamani. Mfaransa Gustave Le Gray, miaka ya 1856 na 1857, alipiga bahari kwa vioo vilivyopakwa dawa. Dawa za wakati huo zilikuwa kali mno kwa rangi ya bluu, kwa hiyo mbingu iliungua kabla maji hayajatokea. Akapiga kioo kimoja kwa ajili ya mbingu, kingine kwa ajili ya bahari, akavichapa kwenye karatasi moja na kuvikutanisha pale mbingu na maji vinapopakana. Picha yake ya wimbi kubwa la Sète, ya mwaka 1857, ilifanywa hivyo. Na kwetu pwani ya Waswahili alikuwepo Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993, ambaye kwenye studio yake alichanganya picha hata watu wakajiuliza imewezekanaje. Kwa hiyo wazee wanaposema vijana wameharibu picha kwa kompyuta, nacheka kidogo. Kompyuta imerahisisha tu. Photoshop ilipata tabaka mwaka 1994, na sisi wenye mifuko mitupu tunayo GIMP, programu ya bure iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu kule California. Laptopu yangu ni mtumba, inahema kama mbuzi aliyefukuzwa, lakini GIMP inaibeba.

Sasa shamba. Ni la Bibi, mama yake mama, na kwa mila yetu ya Kimwera Mjomba ndiye msemaji. Mwaka jana alitokea mtu wa kutaka kununua upande wa juu. Ndugu zetu walioko Dar es Salaam walikuwa wametumiwa picha kwa simu na kijana mmoja wa nyumbani, alipiga jioni akielekea jua: miti myeusi tii, chini giza, juu weupe mtupu. Wao wakajibu kwa sauti moja, uzeni tu, hilo si pori? Bibi hakusema kitu. Alikuja dukani, akaketi kwenye benchi la wateja, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine yako haiwezi kuwaonyesha shamba kama lilivyo?"

Nikamjibu, "Inaweza, Bibi." Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi mingi kwenye bonde la Lukuledi, nilijua ninachosema.

Tulikwenda katikati ya Oktoba, mabibo yakiwa mekundu na manjano chini. Niliiweka kamera ya kuazima kwenye stendi ya miguu mitatu, nikaning'iniza mfuko wa mchanga katikati ili upepo usiisukume. Nikapiga mara tatu bila kuigusa zaidi ya kidole kwenye kitufe: ya kwanza shata ikiwa sehemu moja ya 250 ya sekunde, ya pili moja ya 60, ya tatu moja ya 15. Kila picha ilipokea mwanga kama mara nne ya iliyotangulia. Tundu la lenzi sikuligusa, maana ukilibadilisha na ukali wa vitu vya mbele na vya nyuma unabadilika, halafu picha hazikubaliani tena. Na nilingoja upepo unyamaze. Jani likitikisika kati ya picha moja na nyingine, ukizipandanisha unapata jani na mzuka wake.

Nyumbani nikaanza. Chini kabisa nikaiweka ile ya mwanga mwingi, iliyoona kivulini. Juu yake nikaiweka ile ya mwanga mdogo, iliyoona mbingu. Ya kati nikaiweka akiba, nayo ikanifaa baadaye kwa nyasi. Ukitazama wakati huo unaiona ya juu peke yake, kama vile unavyoona blanketi na si shuka. Hapo ndipo inapoingia barakoa. Usiichanganye na ile tuliyoivaa mwaka 2020! Hii ni picha nyingine ya weusi na weupe inayofungwa kwenye tabaka: palipo peupe tabaka inaonekana, palipo peusi inafichika, palipo na kijivu inaonekana nusunusu.

Wengi huipaka barakoa kwa brashi. Kwa mstari ulionyooka wa bahari inatosha. Kwa mkorosho haitoshi, msomaji, maana mbingu inapenya kwenye matundu elfu ya majani, nani atayapaka? Dawa yake ni kuifanya picha ijipimie yenyewe. Nikainakili ile ya mwanga mwingi, nikaitoa rangi, nikaibandika ndani ya barakoa ya tabaka ya juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, kwa hiyo pale tabaka ya juu ikajitokeza na mawingu yake. Miti ilikuwa na giza, pale tabaka ya juu ikajificha na kuiacha ya chini iseme. Kila tundu la jani likapata haki yake. Kisha nikaififisha barakoa kidogo, kingo zisikate kama wembe.

Ndani yake ni hesabu tu, tena hesabu ya darasa la saba. Kompyuta inapima mwanga kuanzia 0 hadi 255. Shina la mkorosho kwenye picha ya chini lilikuwa 90, kwenye ya juu 8. Barakoa mahali hapo nayo ni 90, yaani theluthi moja na ushei. Ukichukua sehemu hiyo ya 8 na iliyobaki ukaichukua kwenye 90, unapata kama 61. Shina limeonekana, lakini limebaki kivulini. Niliipenda hesabu hiyo kuliko nilivyopenda hesabu yoyote shuleni.

Mjomba alipoiona kwenye kioo cha laptopu alisogeza kiti. "Umeweza, mpwa wangu. Sasa ongeza mwanga hapo chini. Na hivyo visiki vitatu viondoe, na hayo mawingu weka yale mazuri ya masika." Unajua msimamo wa mtu anapozungumza na mjomba wake. Nilimwambia kwa adabu, "Samahani Mjomba, mwanga nitakuonyesha, ila visiki vipo na mawingu ya masika hayakuwepo." Akasema kwani si vyote ni kompyuta? Swali lake si la kipuuzi. Le Gray mwenyewe mbingu moja aliitumia kwenye zaidi ya picha moja, na hatumwiti tapeli. Ila yeye hakuwa akiwaonyesha ndugu zake shamba. Sheria niliyojiwekea ni hii: tabaka zote zitoke mahali pamoja, saa moja, miguu ya stendi ikiwa haijahama. Nikishatoka hapo, nitaandika kwenye riwaya, si kwenye picha hii.

Kwa ajili ya mwanga niliandaa ya pili, barakoa nikaifanya nyeusi kabisa kwenye miti ili shina lipate 90 yake yote. Nikaziweka zote mbili mbele ya Bibi. Alitazama kwa muda, akaweka kidole kwenye ile yenye mwanga zaidi. "Hii mlipiga saa ngapi? Juu naona magharibi, chini ya miti naona saa saba mchana." Mjomba akanyamaza. Tukatuma ile ya 61.

Nikisema tukatuma, sikutegemea kitu kikubwa. Siku mbili zikapita kimya, kwenye kundi la familia zilikuwepo dua za asubuhi na matangazo ya michango tu. Siku ya tatu usiku kaka yangu wa Mbagala, mtoto wa mama mkubwa, akanipigia. Hakuanza na salamu. "Mdogo wangu, hicho cheupe chini ya mwembe, upande wa kushoto, ni nini?"

Nilijua anachouliza. Ni kaburi la mama yake, tunalipaka chokaa kila mwaka. Kwenye picha ya simu mwembe wote ulikuwa doa jeusi. Kwenye yangu chokaa kilikuwa kinaonekana kwa unyonge, kama ilivyo pale jioni.

"Ni Mama Mkubwa," nikamwambia.

"Mimi nilijua mnauza bondeni."

"Bondeni ni kwa jirani, kaka. Upande unaouzwa ndio huo kwenye picha, hadi njia ya ng'ombe."

Akakaa kimya, nikasikia daladala zinapiga honi huko kwake. Kisha akasema atazungumza na Mjomba, na akaomba picha ya karatasi, kubwa.

Mnunuzi ameambiwa asubiri hadi mauzo ya korosho yaishe, ndugu wa Dar waje, kikao kikae. Mjomba anasema pesa za yule bwana zingemtengenezea Bibi paa, na ni kweli, paa linavuja, nimelipiga picha pia. Bibi anasema paa limevuja tangu mimi sijazaliwa.

Mimi nina kazi ya karatasi. Karatasi haiwaki kama kioo, kivuli kinazama zaidi, kwa hiyo ile 61 nikiichapa ilivyo chokaa kitapotea tena. Nimeongeza tabaka ya nne ya kuinua kivuli peke yake, kwa nguvu ya asilimia 20, na kesho napanda gari la Lindi nikajaribu kuchapa kipande kidogo cha kona ya kushoto, mwembe na kaburi, kabla ya kulipia kubwa.