Pima Kwanza, Laumu Baadaye

Sisi Wakenya tuna kipaji kimoja: net ikilegea, tunamjua mwenye makosa kabla hata hatujaangalia. Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikabaki kutazama kiduara kikizunguka kwa simu. Tangu hapo kila kitu ni bahari. Gemu ikikwama, bahari. Video ikigoma, bahari. Hata printa ya ofisi ikikataa kuchapa, hutakosa msee wa kukuambia ni kebo ya Mombasa.

Sawa, tucheke. Lakini hii tabia ya kulaumu kabla ya kupima inaumiza watu, na mara nyingi anayeumia ni yule wa chini kabisa. Nimeiona kwa macho yangu, kwa sababu ya seva moja.

Duka moja la jumla hapa Nairobi, jina nitaliacha, lilinunua seva mpya. Seva ni kompyuta inayokaa mahali pamoja ikihudumia zingine. Hapo ndipo kuna stoki, bei, picha za bidhaa na risiti zote. Ile ya zamani ilikuwa kompyuta ya kawaida ya mezani, imezeeka, feni inalia kama mashine ya kusaga unga. Mpya ikaja pamoja na programu mpya ya mauzo, na kila mtu akangoja mambo yaende mbio.

Yakaenda polepole kuliko zamani. Keshia anabonyeza, orodha ya bidhaa haifunguki, mteja anaangalia saa halafu anaenda duka la jirani.

Lawama zikaanza kugawanywa. Muuzaji wa seva akasema shida ni intaneti, waongeze kifurushi. Mdosi akasema aliuziwa seva feki. Halafu wote wawili wakapata mtu wa kukubaliana juu yake: msichana wa atachi. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, yuko hapo kwa miezi mitatu ya mafunzo ya kazi, na ndiye alikuwa amevuta nyaya mpya hadi kwa meza za makeshia.

"Wewe ndiye uligusa hizi waya," mdosi akamwambia. "Mpaka hii kitu ifanye kazi, mimi sisaini kitabu chako."

Kama umewahi kwenda atachi, unakijua hicho kitabu. Hakuna sahihi, hakuna alama. Hakuna alama, unaweza kurudia miezi yote mitatu, na nauli ni yako.

Tulikuwa tunaishi ploti moja, kwa hivyo akanipigia. "Brathe, hizo waya nilivuta poa. Nilipima kila moja. Lakini hapa hakuna mtu ananisikiza." Nikamwambia tutapima tena, mbele yao.

Swali la kwanza tulilouliza lilikuwa hili: polepole wapi? "Net iko slo" haikuambii kitu. Ni kama kumwambia daktari "naumwa". Ni kompyuta moja au zote? Ni wakati wa kuingia kwenye mfumo, au wakati wa kufungua faili kubwa? Tukawauliza makeshia, watu ambao hakuna aliyekuwa amewauliza. Wakasema ni kompyuta zote, na shida ziko mbili. Asubuhi, kuingia tu kwenye mfumo ni kungoja. Halafu mchana, kitu chochote chenye picha kinajivuta. Tayari tulikuwa na habari zaidi ya zile mdosi na muuzaji walikuwa nazo.

Swali la pili: data inapita wapi? Seva ilikuwa chumba cha nyuma, makeshia wako mbele, na katikati kuna swichi, kile kisanduku chenye mashimo mengi ya kuchomeka kebo. Data ikitoka kwa seva kwenda kwa keshia haitoki hata mlangoni. Tukaomba ruhusa, tukachomoa intaneti kwa dakika 5. Mfumo ukabaki polepole vilevile. Kifurushi kikubwa kingekuwa pesa ya kutupa, na bahari ikaachiliwa huru.

Tatu, tukatumia ping. Hiki ni kiprogramu kidogo kilichoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka wa 1983. Kinatuma ujumbe mfupi kwa kompyuta nyingine na kuhesabu muda wa jibu kurudi. Wachezaji wa gemu mnakijua. Majibu yalirudi chini ya milisekunde 1, hakuna hata moja lililopotea. Muuzaji akatabasamu: "Si unaona? Mtandao wenu ni mzima, kuna kitu msichana aliharibu kwa hizi kompyuta."

Pole pole, buda. Ping ni kama kutuma bodaboda. Bodaboda ikipita kichochoro vizuri, hujajua kama lori litapita. Ujumbe mfupi unaweza kwenda bila shida huku faili kubwa likikwama kwa foleni.

Kwa hivyo nne, tukatuma lori. Kuna programu ya bure, iperf3, inayosukuma data nyingi kati ya kompyuta mbili na kukuambia zimepita ngapi kwa sekunde. Haigusi diski wala programu ya mauzo, inapima njia peke yake. Tukapata kama megabiti 94. Tukajaribu kutoka kwa keshia mwingine, 94 tena. Kisha tukapima keshia kwa keshia, bila kugusa seva, kwa zile kebo alizovuta msichana. Hapo tukapata kama megabiti 940.

Hapo nilitaka kucheka. Hizi nambari ni kama alama za vidole. Mtandao wa kasi ya megabiti 1000, yaani gigabiti 1, ukiwa mzima hukupa karibu 940. Mtandao wa megabiti 100 hukupa karibu 94. Kebo zake zilikuwa sawa kabisa. Kilichokuwa kimelala ni kipande kilichobaki: kati ya swichi na seva.

Tukaangalia kadi ya mtandao ya seva. Ilikuwa imeandika kasi ya 100, ilhali yenyewe inaweza 1000, na swichi pia inaweza. Tukabadilisha kitu kimoja tu, kebo, ili tusije tukachanganyikiwa ni nini kimesaidia. Kebo mpya ya mita 2, bei ya chipo na soseji. Kasi ikaruka hadi 1000. Tukapima tena, ikawa 940.

Sasa swali ambalo mdosi aliuliza, na ni swali zuri: "Hiyo kebo ya zamani ilikuwa hapo miaka mingi. Mbona haikusumbua?"

Ilikuwa mbovu bila mtu kujua. Ndani ya kebo ya mtandao kuna nyaya 8, zimesokotwa mbili mbili, jozi 4. Kasi ya 100 inahitaji jozi 2 tu. Kasi ya 1000 inahitaji zote 4. Kompyuta ya zamani ilikuwa na kadi ya 100, kwa hivyo ilitumia jozi mbili nzima na haikuwahi kugusa ile iliyokatika. Seva mpya ilipokuja ikajaribu zote nne, ikakosa moja, ikarudi chini hadi 100 bila kupiga kelele. Na wakati huohuo programu mpya ilikuwa inabeba picha ambazo ya zamani haikuwa nazo. Mzigo umeongezeka, barabara ni ileile.

Ikabaki ile shida ya asubuhi. Hapa tukafungua seva kwa njia mbili: kwa jina lake, na kwa anwani yake ya nambari. Kwa nambari, ikafunguka papo hapo. Kwa jina, tukangoja sekunde kadhaa. Maana yake kompyuta zilikuwa zinamuuliza mtu "huyu anaishi wapi?" na mtu huyo hajibu. Kazi hiyo ya kutafsiri majina kuwa nambari inaitwa DNS, na pale dukani ilikuwa ikifanywa na kompyuta ya zamani, ambayo sasa ilikuwa stoo, imefunikwa gunia. Kila kompyuta ilimuuliza marehemu kwanza, ikasubiri, ikakata tamaa, ndipo ikauliza seva mpya iliyokuwa ya pili kwenye orodha. Tukafuta anwani ya marehemu kila mahali. Kwisha.

Sasa hesabu lawama. Intaneti haikuhusika. Seva haikuwa feki. Nyaya za msichana ndizo zilikuwa nzima kuliko zote. Makosa yalikuwa ya kebo ambayo hakuna aliyeikumbuka, na mpangilio ambao aliyesimika seva hakuubadilisha.

Mdosi alisaini kitabu Ijumaa. Pole hakusema. Alimwambia tu abandike majina kwa kebo zote kabla aende.

Hiyo ndiyo inanikera mpaka leo. Teknolojia ikiharibika ofisini, lawama hushuka kama maji: inamruka mwenye pesa, inamruka muuzaji mwenye suti, inatulia kwa kijana wa atachi ambaye hana wa kumtetea. Na wengi wetu tukilaumiwa tunajitetea kwa maneno, wakati maneno ya mdogo hayana uzito mbele ya mkubwa. Nambari zina uzito. 94 ni 94, isomwe na mdosi au na mtoto wa chuo. Haikufanyi upendwe, lakini inakupa kitu cha kuweka mezani.

Kwa hivyo kama unasomea hii kazi, au uko karibu kwenda atachi, fanya hivi. Siku kifaa kipya kinaingia, kabla mtu yeyote hajalalamika, pima na uandike: kasi ambayo kadi inaonyesha, megabiti zinazopita kweli, na sekunde za kufungua kwa jina na kwa nambari. Weka tarehe. Tuma nakala kwa mkubwa wako, hata kama hataisoma.

Itakuchukua nusu saa. Siku wakianza kutafuta wa kulaumu, na siku hiyo itakuja, utakuwa na karatasi ya kuwaonyesha.