Maandishi Yanayongoja Msomaji

Wamisri wa kale walikuwa na namna mbili za kuchora chombo cha majini walipoandika habari za safari. Chombo chenye tanga kilimaanisha kwenda kusini. Chombo kisicho na tanga kilimaanisha kwenda kaskazini. Sababu yake imo mtoni. Mto Nile huteremka kutoka kusini kwenda kaskazini, lakini upepo wa nchi ile aghalabu huvuma kutoka kaskazini. Aendaye kusini hutweka tanga apate kuushinda mkondo. Aendaye kaskazini hulitua, akajiachia kwa maji.

Mwongozaji wetu alipotueleza haya, nilikumbuka kwamba nasi Waswahili tumefanya jambo la jinsi hiyo. Kaskazini yetu imetokana na kaskazi, na kusini imetokana na kusi, pepo mbili zilizoleta majahazi pwani na kuyarudisha yalikotoka. Watu wa zama mbili na maji mawili tofauti wameyapa majira ya dunia majina kwa kutazama tanga.

Safari yetu ilikuwa ya siku tano, kutoka Luxor hadi Aswan, kwa meli ya injini yenye sitaha pana. Pande zote mbili yalipita mashamba ya miwa na mitende, na nyuma yake jangwa. Maji tuliyokuwa tukipingana nayo hutoka kwa wingi katika nyanda za juu za Ethiopia, lakini sehemu yake imetoka Ziwa Viktoria na kupita Jinja. Mtu wa Mwanza au Kisumu akiutazama mto ule, hatazami ugeni mtupu.

Tulianzia Karnak, katika ukumbi wa nguzo 134, ambamo mtu hujiona mdogo kama sisimizi kwenye shamba la mahindi. Huko Esna meli zilipanga foleni zikingoja zamu ya kuingia katika birika linalozipandisha hadi kwenye maji ya juu, na wachuuzi wakazifuata kwa mashua, wakitutupia kanzu na mashuka sitahani ili tuchague, kisha turudishe bidhaa au fedha. Edfu tuliona hekalu la Horus, lililoanza kujengwa mwaka 237 KK na kukamilika mwaka 57 KK. Kuta zake zimejaa maandishi kutoka chini hadi juu, wala mjenzi hakuacha nafasi tupu ya kuegemeza mkono.

Wingi huo ndio ulionitia fikira. Nilijiuliza, ndugu msomaji: watu waliochonga maneno mengi kiasi hiki walikuwa wakimwandikia nani?

Jioni ya Kom Ombo, nilizungumza na mmoja wa mabaharia wetu, Mnubi wa makamo. Kwao, maji huitwa *aman*. Alinionyesha kwa kidole upande wa bara, akasema ndiko alikozaliwa, lakini siko kwao. Bwawa Kuu la Aswan lilipokuwa likijengwa, Wanubi wapatao 50,000 wa Misri walihamishwa mnamo 1963 na 1964, wengi wakaletwa maeneo ya Kom Ombo, na vijiji vyao vikafunikwa na ziwa. Katika miaka hiyo hiyo, mataifa yalichanga fedha na utaalamu chini ya Unesco ili kuyaokoa mahekalu. Abu Simbel lilikatwa vipande na kupandishwa mlimani kati ya 1964 na 1968.

“Mawe yalihamishwa kwa hesabu, kila jiwe na namba yake,” alisema. “Maneno yetu hayakupewa namba.” Kisha akaongeza kwamba wanawe wanakielewa Kinubi, lakini akiwasemesha humjibu kwa Kiarabu.

Kesho yake nilisimama Philae nikiwa na maneno hayo kichwani. Hekalu hilo nalo limehamishwa: lilibomolewa na kujengwa upya katika kisiwa jirani cha Agilkia, kazi iliyoisha mwaka 1980. Kwenye lango la Kaisari Hadrian, kando ya sura ya Mandulis, mungu wa Wanubi, kuna maandishi ya kuhani aitwaye Nesmeterakhem, ya tarehe 24 Agosti 394. Hayo ndiyo maandishi ya mwisho yenye tarehe, kati ya yote yanayojulikana, kuandikwa kwa michoro ile ya kale. Baada yake wasomaji walikwisha. Kuta zilibaki wima, rangi zikabaki mahali pengine, ila kwa zaidi ya miaka 1,400 hapakuwa na mtu aliyejua zinasema nini.

Wengi tumesikia kwamba kimya hicho kilivunjwa na jiwe la Rosetta, lililopatikana mwaka 1799. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Michoro ile huandika konsonanti tu, irabu haziandikwi. Jean-François Champollion, aliyetangaza ugunduzi wake mwaka 1822, alikuwa amekisoma Kikopti kwa miaka mingi. Na Kikopti ni Kimisri kile kile katika umri wake wa mwisho, kikiandikwa kwa herufi zilizotokana na za Kigiriki, pamoja na irabu. Sokoni kilikuwa kimekwisha kunyamaza. Kilibaki katika sala za kanisa. Watu waliendelea kukitamka vizazi kwa vizazi, na pumzi yao ikaja kuhuisha mawe ambayo wao wenyewe hawakuweza kuyasoma.

Hapo ndipo nilipolikumbuka sanduku la marehemu bibi yangu wa Pangani. Ndani yake mna barua alizoandikiana na kaka yake, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Sisi wajukuu tulisoma chuoni, kwa hiyo herufi tunazitambua. Tatizo ni kwamba mwandiko wa zamani ulimtegemea msomaji ajuaye lugha. Herufi ya *be* ilibeba *b*, *p* na hata *mb*. Alama moja ikatumika kwa *i* na *e*, nyingine kwa *u* na *o*. Be mbili zenye fataha zaweza kuwa baba, papa, pamba au bamba. Asiyejua Kiswahili cha Bibi, maneno ya nyumba yake na ya shamba lake, hushika mifupa bila ya nyama.

Tunapenda kusema kwamba kilichoandikwa kimehifadhiwa. Philae imenifundisha kwamba kuandika ni kuweka amana, na amana humtaka wa kuipokea. Karatasi za Bibi zingeweza kupigwa picha zote kwa siku moja, zikatunzwa miaka elfu, na bado zikawa bubu. Kinachohitajika kabla ya picha ni mtu aliyeyasikia maneno yale yakitamkwa, na wazee wa namna hiyo hawatungoji miaka 1,400.

Niliporejea nilimtafuta mzee mmoja, mwalimu wa chuo, aliyekulia mtaa mmoja na Bibi. Kila Jumamosi tunasoma barua moja. Husoma kwa sauti, hukisia, hukataa, hurudi nyuma. Katika barua ya tatu nilisoma kwamba Bibi amenunua baba wawili kwa ajili ya mito ya harusi. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi.

“Ratili mbili, mwanangu, si wawili,” akasema. “Na marehemu hakununua baba. Alinunua pamba.”