Mkono Uulize Kwanza

Katika nchi yetu ya vilima, toka Butembo hata Beni, mgongo ndio gari la watu wengi. Mama huteremka sokoni na mzigo wa kuni au ndizi, kamba imepita kwenye paji la uso, mzigo umelala mgongoni. Kijana husukuma baiskeli au chukudu iliyojaa magunia. Mkulima huinama na jembe tangu alfajiri mpaka jua kali. Basi mgongo ukiuma, haugui mtu mmoja, bali nyumba nzima: ada ya shule haipatikani, na chungu hakitelekwi.

Ndiyo sababu sisi tunaowafundisha vijana kutibu maradhi ya mifupa, misuli na mishipa ya fahamu twaulizwa mara kwa mara swali moja: "Je, mwanafunzi huyu ajua kuvuta mgongo?" Watu hudhani kwamba kazi hii yote ni nguvu za mikono: mgonjwa alazwe, avutwe, mfupa ulie, naye aondoke mzima. Twawajibu kwamba kuvuta ni jambo la mwisho kufundishwa. La kwanza ni kuuliza.

Maana maumivu ya mgongo si ugonjwa mmoja. Yako maumivu ya misuli: huja baada ya kazi nzito, huzidi mtu akiinama, kisha hupungua siku kwa siku. Dawa yake kubwa ni kutembea taratibu, kujinyosha na kupunguza mzigo, wala si kulala kitandani majuma mawili. Pili, mshipa wa fahamu waweza kubanwa: hapo maumivu hushuka kama moto toka kiunoni, hupita pajani, hufika chini ya goti, na pengine mguu hufa ganzi. Mwanafunzi humlaza mgonjwa chali na kuuinua mguu ulionyoka, polepole, atazame maumivu yanapoanzia. Humgonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira, aone kama mguu waruka. Humwambia atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Tatu, yako maradhi ya mfupa wenyewe: maumivu yasiyotulia hata usiku, homa, jasho jingi, mwili kukonda, na pengine nundu kutokea katikati ya mgongo.

Dalili hizi za mwisho zisidharauliwe. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Huweza kuingia katika pingili za mgongo na kuzila. Mganga Mwingereza, Percivall Pott, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779, na hata leo waitwa kwa jina lake. Dawa zipo, nazo huponya zikimezwa miezi mingi bila kukatizwa. Lakini mtu akiuvuta kwa nguvu mgongo ulioliwa hivyo, pingili zaweza kuvunjika na kuubana ugwe wa mishipa ya fahamu upitao ndani yake. Aliyekuja kwa miguu yake aweza kuondoka kwa machela.

Twamkumbuka mwanafunzi mmoja, kijana hodari mwenye mikono ya nguvu. Alijiwa na mama wa makamo kutoka kijiji cha upande wa Beni. "Mwanangu," mama alisema, "nivute tu nirudi shambani. Mvua imekaribia." Kijana alikwisha kunja mikono ya shati. Tukamwambia, "Uliza kwanza." Akaketi.

"Mama, mgongo wakuuma tangu lini?"

"Tangu mavuno ya maharagwe."

"Na usiku, walala?"

Mama akanyamaza kidogo. "Silali, mwanangu. Nalowa jasho hata nabadili kitenge."

Kijana akapitisha vidole mgongoni taratibu, akafika mahali akasimama, akatutazama. Hakuvuta. Aliandika barua kwa daktari, picha ya eksirei ikapigwa, na ugonjwa ukajulikana. Mama alikasirika siku ile, kwa kuwa alikuja kutafuta mikono akapewa karatasi. Hata hivyo alimeza dawa zake zote, na baada ya miezi mingi alirudi akitembea wima ili tumwone. Kwa kazi ile, ambayo ndani yake hakutumia nguvu hata kidogo, tulimpa kijana alama ya juu kuliko zote za mwaka ule.

Ufundi wa kutibu kwa mikono umejifunza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa huko Marekani, D. D. Palmer alianzisha ufundi uitwao kiropraktiki, akiamini kwamba karibu maradhi yote hutoka katika pingili za mgongo. Imani hiyo haikuthibitika. Leo wanafunzi wa ufundi huo, kama wale wa vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg katika Afrika ya Kusini, husoma miaka mingi habari za mwili na maradhi yake, wapate kujua pia ni mgonjwa yupi asiyefaa kuvutwa.

Katika jimbo hilo hilo la Iowa, daktari mwingine, Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania, aliwatibu watoto wazaliwao na nyayo zilizopinda kwa ndani. Zamani wengi wao walipasuliwa sana. Yeye aliunyosha mguu kwa mikono kidogo kidogo, akaufunga plasta, akaibadili kila juma, mara tano au sita. Mara nyingi alikata kano ya kisigino kwa jeraha dogo tu. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, hasa usiku, hata afikie miaka minne hivi. Jirani zetu wa Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, walianza kuifuata njia hiyo mwaka 1999, wakawafundisha si madaktari tu, bali na wasaidizi wao wa tiba ya mifupa. Lakini mwanafunzi asiyejua kuzungumza na mzazi amefanya nusu ya kazi, maana viatu vikiachwa, mguu hurudi kupinda.

Wala mafundisho haya si ya nchi za mbali tu. Huko Gatagara, Rwanda, Padre Fraipont Ndagijimana alifungua nyumba ya watoto walemavu mwaka 1960. Moshi, Tanzania, tangu mwaka 1981 kipo chuo cha mafundi wa miguu ya bandia na vyuma vya kushikiza viungo. Nasi Butembo tunacho Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, chenye kitivo cha uganga.

Vijana wa namna hii twawahitaji sana. Vita imewaachia wengi mifupa iliyovunjika. Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ilipata watu zaidi ya 3,400 na kuua zaidi ya 2,200, wengi wao wa Beni, Katwa, Mabalako na Butembo. Kati ya waliopona, wengi walibaki na maumivu ya viungo na misuli. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na siku zile hofu ilikuwa nyingi kati ya watu na waganga. Wengi walilalamika kwamba walikuwa wakiamriwa kabla ya kusikilizwa. Tangu hapo tumezidi kuwaambia wanafunzi wetu kwamba kuuliza si adabu tu; ni sehemu ya dawa.

Basi, enyi wazazi, msimpe mtoto mzigo wa mtu mzima. Mtoto akizaliwa na nyayo zilizopinda, msizivute nyumbani, wala msingoje akue. Mpelekeni hospitali katika majuma ya kwanza. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akishindwa kuzuia mkojo, au akifa ganzi kati ya mapaja, au miguu yote miwili ikilegea, asingoje kesho. Nanyi wanafunzi mnaotamani kazi hii, shikeni sana masomo ya viumbe na ya mwili, tena jizoezeni kumsikiliza mtu mpaka amalize maneno yake.

Na ukimwendea mtu akutibu mgongo, naye akanyosha mikono kabla hajakuuliza neno, mshukuru kwa adabu, vaa shati lako, uende kwingine.