Kuku Wageni Wanapobisha Hodi Shinyalu

Ukitoka Kisumu kuelekea Kakamega, ukishapita Majengo, Mbale na Chavakali, matatu hukufikisha Khayega. Hapo ndipo unaposhuka ikiwa safari yako ni ya Shinyalu. Waendesha bodaboda watakukimbilia kabla hujaweka mguu wa pili chini. Barabara huelekea mashariki, upande wa Msitu wa Kakamega, na kushoto na kulia ni migomba, mahindi na maboma yaliyokaribiana kiasi kwamba jirani akikohoa unamsikia.

Nchi hii ya Waisukha imevuma kwa vita vya fahali. Fahali hupelekwa uwanjani alfajiri kwa ngoma ya isukuti, ngoma ile ile ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka wa 2014 kati ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Wageni wengi huja kutazama fahali, wakapiga picha, wakaenda zao. Mimi safari hii nilikuwa na shughuli nyingine. Nilisindikiza mitetea 12, waliosafiri usiku kucha kutoka Nairobi ndani ya katoni zilizotobolewa matundu.

Walikuwa zawadi ya wajukuu kwa nyanya yao. Wajukuu hao, wafanyakazi wa mjini, walichanga pesa wakanunua kuku wa kienyeji walioboreshwa, aina ambayo taasisi ya KALRO ya Naivasha imewasambazia wakulima, wenye umri wa miezi mitatu. Nyanya mwenyewe tayari alikuwa na makoo 15 na majogoo wawili. Msomaji asidhani hilo ni kundi dogo. Mayai ya makoo hao humnunulia nyanya sabuni, chumvi na mafuta ya taa, na mapora anaowauza Desemba, wakati bei imepanda, huchangia karo ya mjukuu aliye sekondari. Kundi hilo likiangamia, kuna mtoto atakayekaa nyumbani Januari.

Nilidhani tutafungua katoni uani, kuku wajuane. Nyanya alinitazama, akatabasamu.

"Mwanangu, hao hawalali na wangu leo. Wala kesho."

Akawapeleka kwenye kibanda kilichokuwa cha mbuzi, mbali, nyuma ya migomba. Huko walikaa wiki tatu. Sababu yake ni kideri, ugonjwa ambao wengi huuita Newcastle. Kuku anaweza kuonekana mzima leo, na baada ya siku chache akaanza kuhema, kuharisha kijani na kupinda shingo, na wakati huo ameshawaambukiza wenzake. Kuna mafua ya kuku pia, ambayo kuku aliyepona huendelea kuyabeba bila kuonyesha dalili. Ndiyo sababu kila asubuhi nyanya alilisha kundi lake kwanza, kisha wageni, akanawa mikono na kuacha ndara za kule kule kule. Makundi yote mawili yalipata chanjo ya kideri, tone moja jichoni, na wageni hawakutoka kibandani mpaka wiki zao zilipotimia. Chanjo yenyewe si ghali. Kinachowashinda wengi ni kukumbuka kuirudia kila baada ya miezi mitatu au minne.

Niliporudi Shinyalu mwishoni mwa wiki ya tatu, mitetea walikuwa wamehamishiwa uani, lakini ndani ya ua mdogo wa wavu chini ya mparachichi. Waliweza kuonana na wenyeji bila kufikiana. Nilikaa kwenye kigoda nikawatazama, na nakwambia, hakuna sinema iliyonifurahisha hivyo mwaka huo. Makoo walikuja mmoja mmoja kukagua. Koo mmoja mweusi, mnene, alishinda pale akirusha mdomo kwenye waya. Jogoo mkubwa alipita akishusha bawa moja na kuzunguka kwa madaha, kama bwana harusi aliyevaa kanzu mpya.

Kinachowasumbua kuku ni vyeo. Mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliwachunguza kuku tangu utotoni, na katika maandishi yake ya miaka ya 1920 akaeleza kwamba kila kundi lina mpangilio wa nani anamdonoa nani. Wa kwanza huwadonoa wote, wa mwisho hudonolewa na wote, na kila mmoja hukijua cheo chake. Mgeni anapoingia hana cheo, na kila mwenyeji huona ni wajibu wake kumpimia. Kwa hiyo kumtia kuku mgeni mmoja katika kundi la 15 ni kumtupa. Akiwa na wenzake 11, madonoo hugawanyika.

Watu wa mjini nilioongea nao huogopa majogoo. Kwa hakika, jogoo mkomavu mara nyingi si adui wa mitetea. Akiokota kitu huwaita majike waje kula, na makoo wakianza kupigana aghalabu hujitia katikati. Wakali ni makoo, hasa mwenye vifaranga, ambaye anaweza kuua kinda wa mwingine. Hatari ya jogoo iko kwingine. Humpanda mtetea ambaye hajapevuka, kwa uzito wake na kucha zake, akamchuna mgongo. Majogoo wakizidi ndipo mateso huongezeka. Wafugaji wengi huweka jogoo mmoja kwa majike kumi hivi, na nyanya alikuwa na hesabu hiyo hiyo bila kuisoma popote.

Lililomkera zaidi ni kwamba mmoja wa mitetea 12 hakuwa mtetea. Kilemba chake kilikuwa chekundu na kikubwa kuliko cha wenzake, miguu minene, na asubuhi alijaribu kuwika kwa sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Aliyewauzia wajukuu alikuwa amechanganya. Pora akikua mbele ya majogoo wawili, mmoja wao atamwaga damu, na vipi vya jogoo mzee si vya mchezo. Nyanya alimtenga siku ile ile.

Baada ya wiki moja ya kutazamana, wavu ulifunguliwa. Wapo wanaoamini kwamba ukiwatia wageni bandani usiku, asubuhi kundi litadhani walikuwapo siku zote. Mimi sikubali. Kuku wanajuana kwa nyuso, na kukicha wataona. Faida ya giza ni kwamba hakuna anayekimbia, kila mmoja hushika ulingo akatulia. Nyanya aliwapandisha ulingoni saa mbili usiku, na saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mlangoni kuwafungulia wote, maana vita hukolea pale ambapo hakuna pa kukimbilia.

Uani aliweka vyombo vya chakula mahali patatu, maji mahali pawili, na fungu la sukuma wiki likaning'inizwa kwenye tawi ili midomo ipate shughuli. Aliegemeza mbao kuukuu ukutani pawe na maficho. Ninyi wenye vibanda nyuma ya nyumba kule Umoja au Ruaka, hapo ndipo pa kujali zaidi, kwa kuwa nafasi yenu ni finyu. Jambo jingine ni chakula. Kile cha kuku wa kutaga kina chokaa nyingi mno kwa mtetea ambaye hajaanza kutaga, na kikiendelea huharibu figo zake. Wote walipewa chakula cha kuku wanaokua, na makoo wakawekewa chokaa yao pembeni.

Siku ya kwanza koo mweusi alimtoa mmoja damu kichwani. Nyanya alimwondoa majeruhi mara moja, akampaka dawa ile ya zambarau, kwa sababu kuku wakiona wekundu hawaachi kudonoa. Akamtenga na koo mweusi pia, siku mbili, na aliporudi alikuwa amepungua ukali.

Nilipoondoka ilikuwa siku ya tano. Mitetea 11 walikuwa hai, wakilala ulingo wa chini na kula baada ya wenyeji, na mmoja alikuwa ameanza kumfuata jogoo mkubwa popote alipochakura. Yule pora aliuzwa sokoni Khayega, na pesa zikanunua chanjo.